Daraja la Pusey Gap

Waziri hakutokea. Alimtuma mwanasheria wa wizara, bwana mmoja mpole mwenye suti ya kijivu, aje kuiambia kamati kwamba marekebisho ya sheria ya habari bado yanafanyiwa kazi na serikali inaomba muda zaidi.

"Tena?" aliuliza Ionie Pinnock, mwenyekiti wa kamati hiyo ya Bunge.

"Tena kidogo tu, Mheshimiwa."

Ionie aliiweka kalamu chini. Yeye ni wa chama tawala, waziri ni wa chama chake, na mara mbili walikuwa wameomba muda akawapa. Sheria yenyewe ilimruhusu kila Mjamaika kuomba nyaraka za serikali, lakini ofisa yeyote aliweza kumnyima kwa kutamka maneno mawili, usalama wa taifa, pasipo kumweleza mtu sababu. Kamati ilikuwa imeiagiza serikali iliondoe pengo hilo kabla Juni haijaisha. Juni ilikuwa imekwisha zamani.

Carlton Swaby, mnadhimu wa chama, aliinama akamnong'oneza, "Mpe, Ionie. Tukale, pati za nyama zinapoa."

Ionie alitazama viti vya nyuma, alikoketi Eulalee Grizzle na kofia yake ya kanisani. Alikuwa ametoka mkoa wa Portland kwa basi, kama alivyofanya katika kila kikao. Mumewe alikuwa akisambaza mikate. Asubuhi moja ya mvua, daraja la Pusey Gap lilikatika na gari lake likiwa katikati. Tangu siku hiyo mjane huyo alikuwa anaomba kitu kimoja tu: ripoti ya ukaguzi wa daraja lile.

"Miss Eulalee, njoo mbele," Ionie alisema. "Mwambie bwana huyu walikujibu nini."

Eulalee alikuja, akakataa kiti.

"Waliniambia usalama wa taifa," alisema. "Daraja la kupita gari moja, mbuzi wakisubiri upande wa pili! Nani anataka kutuvamia kupitia Pusey Gap? Cuba?"

Watu walicheka. Mbunge mmoja wa upinzani alicheka kuwashinda wote, mpaka akapiga meza.

"Wewe usicheke!" Eulalee alimgeukia. "Nilipoomba mara ya kwanza, serikali ilikuwa yenu. Jibu lenu lilikuwa hilihili. Mnabadilishana viti tu, na mimi mume wangu yuko kaburini."

Kicheko kilikatika hapo hapo. Mwanasheria alianza kupanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Naleta hoja," Ionie alisema. "Hakuna muda wa ziada. Waziri alete muswada hapa Jumanne, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Asipoleta, sisi tutaandika wetu na kuupeleka bungeni."

"Ionie, una wazimu?" Swaby alisahau kunong'ona. "Hicho kiti hukukirithi kwa mama yako!"

"Wala waziri hakuirithi nchi kwa babaye. Tupige kura."

Kura zilifungana. Ikabaki yake, kura ya uamuzi ya mwenyekiti, na Ionie akaunyanyua mkono wake juu kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya Jumanne kufika, chama kilikuwa kimemvua uenyekiti. Lakini agizo lilikwisha kupita, magazeti yalikuwa yameliandika, na waziri alikuja na muswada mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Kufika Krismasi ulikuwa sheria. Sasa ofisa akitaja usalama wa taifa, lazima athibitishe mbele ya jaji.

Eulalee aliomba upya. Safari hii alijibiwa upesi, akampigia Ionie simu.

"Miss Ionie, wamejibu. Wanasema haipo."

"Wameipoteza?"

"Haijawahi kuwepo. Hakuna mtu aliyelikagua lile daraja. Hakuna fundi, hakuna injinia, hakuna hata mtu wa kulitupia macho." Karatasi ilisikika ikikunjwa. "Mama, miaka yote hii walikuwa wananificha nini? Walikuwa wanalinda hewa!"

Ionie aliishika simu kwa muda hata baada ya Eulalee kukata. Alitamani kuvunja kitu, chochote.

Wiki iliyofuata alisimama bungeni, sasa akiwa amesukumwa kwenye kiti cha nyuma kabisa. Alisimulia habari za mtu aliyepeleka mikate, na za serikali mbili zilizomwambia mjane wake kwamba uzembe wao ni siri ya taifa. Swaby alikuwa anachezea simu. Waziri alichukua miwani yake akaanza kuifuta.

"Mheshimiwa, muda wako umekwisha," Spika alisema.

"Sijamaliza."

"Mheshimiwa, keti."

"Nitaketi waziri atakaposimama hapa aniambie ni madaraja mangapi mengine hayajakaguliwa. Eulalee yuko pale juu kwenye roshani ya wageni, Mheshimiwa Spika. Mnataka nimwambie nini?"

Kipaza sauti chake kilizimwa. Ionie alijaza kifua pumzi, akaendelea kwa sauti kubwa, kama mhubiri anayetaka kumfikia mtu aliyeketi nyuma kabisa kanisani.