Faili la Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa daktari huyu aliendesha wodi ya wagonjwa wa akili bila kuwa bingwa wa magonjwa hayo, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Wauguzi walimwita Mama Wodi. Alijua nani anatema vidonge chooni, nani kweli anasikia sauti na nani anajitia wazimu ili akwepe mahakama. Alichokosa ni cheti tu.

Bingwa mwenye cheti alikuwepo, tena profesa mzima. Alikuja Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, akakaa ofisini, akaletewa chai na rundo la mafaili. Mama Wodi alipima, akaamua, akaandika, kisha chini akaacha mstari mtupu; Profesa akija anatia sahihi zote kwa mpigo, huku akisimulia habari za safari zake. Sheria ilitaka sahihi ya bingwa, ikapewa. Wagonjwa wenyewe aliwaona kupitia dirisha, akienda kwenye gari.

Mwaka huu Baraza la Madaktari likatoa waraka. Wodi isiyo na bingwa wa kudumu itafungwa mwisho wa mwaka. Lakini daktari mwenye uzoefu mrefu ataweza kusajiliwa ubingwa kwa njia mbadala, bila kurudi darasani: alete mafaili kumi na mawili ya wagonjwa aliowatibu mwenyewe, na mojawapo liwe la mgonjwa ambaye matibabu yake yalikwenda mrama. Mama Wodi alikuwa na vitanda thelathini na viwili, vyote vimejaa, na wodi nyingine ya namna hiyo ilikuwa mwendo wa siku nzima. Kwenye kila faili alilofungua, sahihi haikuwa yake.

Akabeba mafaili kumi na mawili, akamfuata Profesa nyumbani kwake, maana alikuwa ameshastaafu. Mzee hakumzungusha. Aliandika barua kukiri kwamba kazi ile yote ilikuwa ya mama huyu, akaitia sahihi, kisha akalisukuma pembeni faili moja.

"Hili niachie mimi, dada. Mimi nimestaafu, watanifanya nini? Tafuta jingine lililokwenda mrama."

"Sina jingine, Profesa. Aliyenifia ni huyu peke yake."

"Basi tafuta aliyekwenda mrama kidogo tu."

Nusura Mama Wodi acheke. Mgonjwa mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliruhusiwa kwenda nyumbani Jumanne, na Ijumaa akajitoa uhai. Profesa aliitia sahihi ruhusa ile baada ya mazishi, akarudisha tarehe nyuma, na ulipofanyika uchunguzi familia ikaambiwa kuwa bingwa ndiye aliyeamua. Mwishowe Profesa akaliongeza faili lile kwenye barua.

Ikabaki fomu moja. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa marehemu, ndugu yake wa karibu alipaswa kuridhia faili lisomwe.

Jumamosi mchana Mama Wodi akaenda kwa mama wa yule mwalimu. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na sebule yake ilijaa kola na vifungo.

"Karibu, mwanangu! Sogeza hizo kaptula ukae. Mbona umekonda hivyo? Hao wagonjwa wako watakumaliza."

"Tunamalizana, mama."

Bibi akacheka. Kwa miaka sita, tangu mazishi, alikuwa akimpokea hivi. Tusimpambe Mama Wodi: alizoea kupendwa katika nyumba ile, na ilimpoza. Akaeleza habari za wodi kufungwa, za ubingwa, na za fomu.

"Kumbe ni hilo tu? Wewe hata fomu kumi nitakusainia. Wewe ulikuja kumzika. Yule mkubwa wenu alimtoa mwanangu bila hata kumtazama usoni, na mpaka leo hajaleta pole. Kila nikisali namtaja." Akachukua kalamu. "Miwani sijui nimeiweka wapi. Inasemaje hapo juu?"

Ingetosha kabisa kusema, inasema unakubali. Nani angejua? Akaona aibu kwamba hata amewaza hivyo, akaisoma fomu kama ilivyoandikwa: "Nimeelezwa kwamba maamuzi yote yaliyomo katika faili hili, pamoja na ruhusa ya kwenda nyumbani, yalifanywa na mwombaji."

"Mwombaji ndiyo nani?"

"Ni mimi, mama."

Bibi akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Lakini walisema ni bingwa."

"Bingwa alitia sahihi tu, tena baadaye. Aliyemruhusu ni mimi."

"Siku hiyo mwanangu alisemaje?"

Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, si kwenye uchunguzi, si Profesa. "Aliomba wiki moja zaidi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ameshapona. Nilikuwa na wagonjwa wawili wamelala sakafuni. Nilikihitaji kitanda chake."

Bibi akainuka, akaanza kupekua vitambaa kimoja kimoja mpaka akaipata miwani. Akaisoma fomu yote, midomo ikimchezacheza, kisha akairudia tangu mwanzo.

"Sasa hivi humo wodini mna wangapi?"

"Thelathini na wawili."

"Na wodi ikifungwa?"

"Watarudishwa makwao, mama."

Bibi akaweka sahihi yake, herufi moja moja, akaikabidhi fomu bila kumtazama.

"Nenda kawe bingwa. Akitokea wa kukuomba wiki, umpe. Lakini hapa kwangu usije tena."

"Sawa, mama."

Mama Wodi akaikunja fomu, akasimama, akangoja kidogo karibu na kiti, kwa sababu siku zote bibi alimsindikiza mpaka barabarani. Nyuma yake cherehani ikaanza kulia.