Mwenyekiti wa Kamati ya Chai

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa klabu ya tenisi Jumatatu asubuhi, na kufikia jioni wanachama wote walikuwa wameisoma isipokuwa yule iliyemhusu. Karwirwa alifika saa kumi na moja, vumbi la chaki likiwa bado kwenye sweta lake, akaisoma akiwa amesimama. Mechi ya Meru na Embu, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Chini yake, majina ya wachezaji wanane wa Meru. Jina lake, ambalo kwa miaka kumi na moja halikukosa kwenye orodha hiyo, lilikuwa chini kabisa, chini ya mstari uliopigwa kwa rula: Mwl. Karwirwa, mwenyekiti, kamati ya chai.

Akaisoma tena. Macho hayakuwa yamemdanganya.

"Kepteni, hii ni nini?"

Mutembei, wakili wa pale mjini, alikuwa kwenye veranda akifunga kamba za viatu. Alikuwa mtu mpole wa sauti na mgumu wa shingo. "Ni heshima, Mwalimu," akasema. "Wewe ni mama yetu hapa. Wageni watafurahi kupokelewa na mtu mzima. Na huo mkono, sisi wote tumeona. Juzi raketi ilikuponyoka mara mbili."

"Mkono utapona."

"Umri haiponi, Mwalimu. Hata gari kuna siku inawekwa kando."

"Nina miaka hamsini na moja!"

"Si ndiyo hiyo nasema?"

Hasira ilimpanda Karwirwa mpaka masikio yakawaka. Uwanja ule ulikuwa wake kuliko ulivyokuwa wa Mutembei. Mvua za El Niño zilipobeba nusu ya murram, ule udongo mwekundu wa uwanja, mwaka uliotangulia na kuitupa bondeni, ni yeye aliyekuja kila Jumamosi kuvuta rola pamoja na kibarua, huku mawakili wakisubiri uwanja ukauke. Na tenisi yenyewe hakufundishwa na mtu. Alijifunza akiwa na miaka thelathini na minane, peke yake, akipiga mpira kwenye ukuta wa stoo mpaka rangi ikabanduka. Leo aambiwe akamimine chai?

"Zimebaki wiki saba," akasema. "Mimi nitacheza."

"Na mkono gani?"

"Na huu huu."

Lakini alipofika nyumbani hakuweza kuinua sufuria ya maziwa kwa huo huo. Ndiyo iliyokuwa aibu yake. Kiwiko cha kulia kilikuwa kikimuuma tangu mwezi wa pili, na kila kilipouma yeye alizidi kukichezea tenisi, kana kwamba maumivu ni mwanafunzi mtundu anayehitaji kuchapwa zaidi. Alikipaka dawa ya kuchua, akakifunga kitambaa, akameza vidonge. Sasa hata kuandika juu ya ubao ilikuwa kazi. Mutembei alikuwa amekosea kuhusu umri, lakini kuhusu mkono hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kesho yake akaenda hospitali ya misheni, kwa wale wanaonyoosha viungo. Akamkuta msichana mrefu aliyevaa koti jeupe, ambaye alisimama wima ghafla kama yuko mbele ya darasa.

"Mwarimu! Hunikumbuki? Mimi Makandi. Darasa la saba, ile ya mwaka wa themanini na tano."

Makandi akambonyeza pembeni mwa kiwiko, pale palipokuwa na moto, na Karwirwa akaruka.

"Umecheza na hii maumivu miezi ngapi?"

"Minne."

"Na ulidhani itachoka kabla yako?"

Karwirwa akajikuta anacheka. "Haya, niambie niache tenisi, tumalize."

"Nani amesema uache? Utapumzika wiki tatu, si maisha. Lakini ukirudi kupiga vile ulikuwa unapiga, tutaonana tena hapa. Hebu nionyeshe mpira ya upande wa kushoto." Akampa rula ndefu ya mezani.

Karwirwa akaonyesha. Ngumi imekaza, mkono umepindika, kiwiko kimetangulia mbele, miguu imesimama pale pale.

"Kwani kuna mwizi anataka kukunyang'anya hiyo rula?" Makandi akauliza. Kisha akatabasamu. "Mwarimu, unakumbuka ulinipa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya darasa? Nilikuwa nimechelewa siku tatu. Nikashika slasha hivyo hivyo, nikatoka malengelenge. Ukakuja ukaniambia nini?"

Karwirwa alikumbuka. Angekosaje kukumbuka? Kwa miaka ishirini na mitano, kila mtoto aliyechelewa pale shuleni alikabidhiwa slasha, kile chuma chembamba kilichopinda mwishoni, na kila mtoto alisikia maneno yale yale yakipigwa kelele kutoka dirishani.

"Legeza mkono," akasema polepole. "Geuka mwili mzima. Nyasi hukatwa na kiuno, mkono unafuata tu."

"Sasa nifyekee hapa."

Karwirwa akatanua miguu, akageuza mabega mpaka mgongo ukamwelekea Makandi, kisha kiuno kikarudi na mkono ukaja nyuma yake, mwepesi. Rula ikavuma hewani. Kiwiko hakikusema kitu.

Akabaki ameishika, ameona haya na furaha pamoja. Mganga hajigangi, ndivyo wasemavyo, na mwalimu je? Miaka yote ile alikuwa akiwapa watoto wa watu dawa yake mwenyewe, tena kama adhabu.

Wiki tatu hakugusa raketi. Asubuhi na jioni aliweka mkono ukingoni mwa meza, kiganja kikitazama chini, ameshika chupa ya soda iliyojazwa mchanga; mkono wa kushoto ukiipandisha, wa kulia ukiishusha polepole, mara kumi na tano, apumzike, arudie. "Faida iko kwa kushusha," Makandi alikuwa amemwambia. "Usiharakishe." Fundi wa viatu wa mtaa wa Majengo akamzungushia mpini wa raketi ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, maana ulikuwa mwembamba mno kwa kiganja chake na ndiyo sababu alikuwa akiukaba. Wiki ya nne akarudi kwenye ukuta wa stoo. Mipira thelathini, basi. Kesho yake arobaini, basi. Kuacha wakati mkono bado unataka ndilo lililomshinda kuliko yote, na mara mbili alirudi nyumbani akijitukana kwa Kimeru njia nzima. Lakini wiki ya saba aliinua sufuria ya maziwa bila kufikiri, akaishusha, akakumbuka, akaiinua tena kwa makusudi.

Mutembei alimwona ukutani mara kadhaa. "Mwalimu, chai isisahaulike," akasema, na karatasi ikabaki vilevile mlangoni.

Sasa, mechi ya Meru na Embu ina desturi yake. Wageni hufika saa nne. Hawawezi kuingia uwanjani hivi hivi. Watu wangesema nini huko Embu? Kwanza chai, mandazi, chapati na nduma. Halafu maombi. Halafu kila mtu asimame ataje jina na kazi yake, na asiyekuwa na la kusema ndiye husema mengi. Mwisho hotuba ya kepteni. Ni saa nzima, wakati mwingine zaidi, kisha watu walioshiba na kupoa hukimbilia uwanjani kama ndama waliofunguliwa. Na kila mwaka, ndani ya dakika kumi za kwanza, mwenyeji mmoja hujishika paja au mgongo. Walilaumu baridi ya Meru, viatu, hata husuda ya Embu. Chai haikuwahi kulaumiwa.

"Kepteni," Karwirwa akamwambia Mutembei asubuhi ile, "chai iwe baada ya mechi. Watu wataumia."

"Mgeni aingie uwanjani na njaa? Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mwalimu."

Basi akamimina. Hakuna aliyeweza kusema hakumimina. Alizunguka meza akijaza kila kikombe mpaka ukingoni, akauliza habari za watoto, akafunga macho wakati wa maombi. Mutembei alipoinuka kuhutubia, akaweka birika chini na kufungua leso aliyojifunga kiunoni. Ndani yake alikuwa amevaa sketi nyeupe ya tenisi.

Watu wakaguna. Mwenyeji kuwaacha wageni mezani ni jambo ambalo mama mkwe wake, angekuwa hai, angelitafutia kikao. Karwirwa akatoka na raketi yake. Akauzunguka uwanja mara nne kwa mwendo wa kutembea na kukimbia, akazungusha mabega, akaenda ukutani. Hotuba ya Mutembei ikawa inapigiwa ngoma kutoka nyuma ya stoo: pu, pu, pu.

Baada ya muda akasikia hatua. Alikuwa Wambeti, karani wa posta wa Embu, mwanamke aliyecheza naye kila mwaka kwa miaka tisa.

"Kwani humalizi chai?" Karwirwa akauliza.

"Mimi nilitoka Embu kucheza. Hotuba tuko nayo hata kwetu." Wambeti akajipanga kando yake, wakapigiana ukutani mpaka jasho likawatoka.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke: Mutembei na msichana aitwaye Ntinyari upande wa Meru, Wambeti na Runji, kepteni wa Embu, upande wa pili. Gemu ya tatu Runji akadondosha mpira mfupi karibu na neti. Mutembei, chapati tatu tumboni, akaufuata mbio. Hakufika. Alijishika nyuma ya mguu akaketi chini kwenye mstari wa chokaa.

Wakambeba hadi verandani, mguu ukawekwa juu ya kiti. Wachezaji wengine saba walikuwa wamepangwa tayari. Runji, kwa ustaarabu, akasema Embu haitaki ushindi wa mtu kuanguka. Kama kuna mwingine kwenye karatasi, mwanamume au mwanamke, aingie.

"Kuna jina moja limebaki kwa karatasi," Wambeti akasema.

Wote wakamgeukia Karwirwa. Naye hakusogea.

"Liandikwe juu ya mstari kwanza," akasema.

"Mwalimu, watu wanangoja," Mutembei akalalamika.

"Mimi nimengoja wiki saba."

Karatasi ikabanduliwa mlangoni, ikaletwa. Mutembei akaiweka juu ya goti lisiloumia, akaandika jina juu ya mstari, uso umekunjamana, sijui ni kwa mguu au ni kwa kalamu.

Mutembei alikuwa ameacha gemu zikiwa sare, moja kwa moja. Runji alijua, kama Meru nzima ilivyojua, pigo lililokuwa likiutesa mkono ule wa kulia, na mchana ule alimpelekea mipira yote ya kushoto. Mwanzoni Karwirwa aliogopa. Mpira wa kwanza alikaza ngumi, na kiwiko kikamkumbusha. Ntinyari akamtazama. Basi akasikia ile sauti ya dirishani, ya mwalimu mkali asiyempenda mtoto mzembe: legeza mkono, geuka. Wa pili akageuka. Wa tatu akafyeka. Wakaenda sare mpaka gemu tano kwa tano, kisha sita kwa tano, Meru mbele, na Runji akapiga kushoto kwa nguvu zake zote. Karwirwa alikuwa amekwisha kumpa mgongo. Kiuno kikarudi, mkono ukafuata, na mpira ukapita kando ya Runji ukagonga chokaa.

Siku nzima Meru walishindwa, mechi tano kwa tatu, hilo lisemwe. Lakini ile moja haikuwa ya Embu.

Akarudi verandani akifuta jasho. Mutembei alikuwa pale pale, barafu kwenye mguu, meza mbele yake ikiwa na vikombe vichafu.

"Hongera, Mwalimu. Nimeona," akasema. Kisha, kwa mazoea tu, "Chai imebaki?"

Karwirwa akachukua birika kwa mkono wa kulia, zito, limejaa, akalipitisha juu ya meza bila haraka na kulishusha polepole mbele yake. Akamwekea ile leso yake juu ya goti lisiloumia.

"Kamati inataka mwenyekiti, kepteni," akasema. "Ni heshima."