Mtani Alipozuia Makabidhiano

Acheni niseme mwenyewe, maana nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa na watu wa makao makuu ambao Lindi yenyewe hawajui iko upande gani.

Jumatatu ile tulipokea barua pepe tatu kabla ya chai ya saa nne. Ya kwanza ilisema mkurugenzi mkuu wetu, Bwana Jerome Komba, anaondoka Korongo Sistimu baada ya miaka kumi na moja. Ya pili ilisema tupuuze ya kwanza. Ya tatu ikatutaka tumkaribishe kwa furaha mkurugenzi mkuu mpya, Mama Flora Mshana. Sasa jamani, mtu unakaribishaje kwa furaha wakati bado unapuuza? Kampuni ina watu mia saba na matawi nchi nne, na hakukuwa na hata mmoja wa kutuambia kama Komba amejiuzulu, amefukuzwa au amepandishwa cheo.

Ofisi ya Lindi tuko watatu, ghorofani juu ya duka la magodoro. Mimi Scholastica ndiye kiongozi wa timu. Debora kazi yake ni kuzijaribu programu zetu mpaka auone udhaifu wake. Ismaili ndiye anayeandika sehemu kubwa ya hizo programu, ingawa mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Miaka miwili tulikuwa tunatengeneza mfumo wa mizani kwa ajili ya maghala ya korosho: mkulima akiweka gunia lake, mashine inamtamkia uzito kwa sauti, anasikia mwenyewe bila kusomewa na mtu. Ulikuwa uanze kazi ghala la Mchinga Jumatatu inayofuata.

"Dada Schola, sasa tunaendelea au tunasimama?" Debora akaniuliza.

"Mimi nitajuaje?" nikafoka. "Kwani mimi ndiye niliyembadilisha bosi?"

Nikampigia mkuu wa idara yetu, Dar. Akasema tuendelee. Baada ya nusu saa akapiga yeye, akasema tusimame kidogo. Jioni akaandika kwamba yeye si mkuu wa idara tena, tuwasiliane na mwingine, na huyo mwingine hakumtaja jina. Nilibaki nimeishika simu kama mjinga.

Asiyekuwa na wasiwasi alikuwa Ismaili peke yake. Yeye ni Mmwera wa Nyangamara, Komba ni Mngoni wa Songea, na hao ni watani. Kila Komba alipokuja Lindi, Ismaili alimuanza hata kabla ya salamu: "Mngoni, babu zako walikuja na mikuki wakatumalizia mihogo, na wewe umekuja na kompyuta kutumalizia samaki!" Komba alikuwa anacheka mpaka anavua miwani. "Wamwera bado mnakimbia tu?" anamjibu. Safari moja Ismaili alimficha funguo za gari, mkurugenzi mzima akakaa nje juani mpaka alipotoa soda. Sisi tulicheka, dereva alicheka, na Komba naye alicheka.

"Yule ni mtu wangu," Ismaili akasema siku hiyo ya barua tatu. "Hawezi kuondoka hivi hivi kama hana kwao."

Nilipaswa kumuuliza palepale ana maana gani. Sikumuuliza, na najuta hadi leo.

Asiyeujua utani wetu nimweleze. Msibani, mtani ndiye anayelala mlangoni. Jeneza halitoki mpaka apewe kuku, au kanga, au chochote cha kumuondoa pale. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Ni kumwambia marehemu kwamba alikuwa na watu, na watu hao hawamwachii kirahisi.

Jumatano alasiri ukafanyika mkutano wa video wa kampuni nzima, wa kumuaga Komba na kumkabidhi Mama Mshana ofisi. Watu mia saba kwenye kioo, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Matawi yakaitwa moja moja kusema maneno mafupi ya kuaga. Kigali wakashukuru. Mwanza wakashukuru. Ilipofika zamu ya Lindi mimi nilikuwa nimeandika shukrani zangu kwenye karatasi, lakini Ismaili akanitangulia mbele ya kamera, amevaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa.

"Mngoni!" akapaza sauti. "Hutoki! Mfumo wa mizani nimeufunga, paswedi nimebadilisha, ninayo mimi peke yangu. Hakuna makabidhiano hapa mpaka nione kuku!"

Na kweli alikuwa amebadilisha. Yule bwana hatanii nusu nusu.

Komba akacheka, nilimwona kwa macho yangu. Visanduku vingine vyote vikanyamaza. Mama Mshana akainamia daftari lake akaandika kitu. Kisha kijana aliyekuwa anaendesha mkutano akasema, "Ahsante sana Lindi," akatuzimia maiki.

Ismaili hakujua. Akaendelea. Baada ya kudai kuku mtani hutoa baraka, na baraka alikuwa ameziandaa: akamtakia Komba njia nyeupe, afya na watoto wenye adabu, akasema ofisi ya Lindi itabaki kwake. Aliyasema yote hayo mikono ikiwa juu, na huko duniani hakuna aliyemsikia. Alipokaa chini akaandika paswedi kwenye barua akaituma makao makuu. Kwa saa yangu hazikupita dakika kumi.

Alhamisi asubuhi hakuna kompyuta yetu hata moja iliyofunguka; makao makuu walikuwa wametufungia. Saa mbili na nusu akapiga Hussen, mkuu wa usalama wa mifumo.

"Dada, nani aliyeteka mfumo huko kwenu?"

"Hakuna aliyeteka kitu. Ni utani!"

Nikamweleza kuanzia mikuki hadi kuku. Akanisikiliza vizuri, sina lawama naye.

"Dada yangu, mimi Mzigua, utani naujua," akasema. "Lakini fomu niliyonayo ina visanduku vitatu: wizi, hujuma, uzembe. Cha utani hakipo. Wewe ndiye kiongozi wake, chagua kimoja usaini. Kesho saa nne nisipoipata, Ismaili anaachishwa kazi, na wewe unaandikwa mshirika wake."

"Na nikisaini?"

"Anaachishwa yeye peke yake."

Nilitamani kuirusha ile simu dirishani. Lindi hii mwandika programu akifukuzwa anakwenda wapi? Angelazimika kuhamia Dar, na kule Nyangamara baba yake haoni, na mtoto aliyebaki karibu ni Ismaili. Kila Ijumaa mchana anapanda gari kwenda kumwogesha mzee na kumkata kucha. Yote hayo nilikuwa nayajua, na fomu, niliyotumiwa kwa simu nikaichapisha duka la jirani, iko mezani kwangu.

Ismaili mwenyewe hakutetemeka. "Mpigie Mngoni," akaniambia. "Aseme neno moja tu. Yeye ndiye mwenye utani wake."

Nikashuka chini, nikasimama katikati ya magodoro, nikapiga.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, Scholastica. Lakini mimi si bosi tena."

Nikamweleza. Nikamwomba awaambie tu kwamba wale ni watani, kwamba ameyazoea.

"Nimesaini hati ya makabidhiano," akasema. "Siruhusiwi kuingilia mambo ya ndani. Waacheni wafuate utaratibu."

"Lakini ulicheka, bosi! Nilikuona!"

"Watu mia saba walikuwa wananitazama, Scholastica. Ulitaka nifanye nini?"

Simu ikakatika, au alikata, sijui. Nilipopanda juu Ismaili alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Amesemaje?" Nikamwambia hapatikani, labda yuko njiani kwenda Songea. Nimemdanganya, ndiyo. Wewe ungeweza kumwambia?

Ijumaa saa tatu asubuhi fomu ilikuwa bado haina alama hata moja. Simu ikaita, namba ngeni.

"Scholastica? Mimi Flora Mshana."

Nikajua ndio basi.

"Leo siku yangu ya tano kwenye jengo hili," akasema, "na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Naomba wewe unieleze vizuri. Huyu Ismaili alikuwa anataka nini hasa?"

Sikuwa na cha kupoteza. Nikamwambia: alikuwa anamuaga. Nikamweleza jeneza, mlango, kuku, na zile baraka zilizosemwa maiki imezimwa. Nikamwambia paswedi ilirudi kabla hata mkutano haujaisha. Mwisho nikasema kama ni kusaini hujuma, basi aandike na jina langu, maana mimi sisaini uongo. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikuona haya.

Akaniacha nimalize.

"Mimi ningeliacha lipite," akasema. "Niliandika kwenye daftari nimuulize mtu kuku ndiyo nini. Lakini kuna lalamiko rasmi, na lalamiko rasmi siwezi kulitupa."

"Nani amelalamika?"

"Kwani hawakukuambia?" Nikasikia karatasi zikigeuzwa. "Bwana Komba. Aliandika Jumatano ileile, saa moja baada ya mkutano. Anasema mfanyakazi wa Lindi amefunga mfumo kwa makusudi na kudai fidia mbele ya wafanyakazi wote, na kwamba yeye asihusishwe na madhara yoyote yatakayotokea baada ya makabidhiano."

Niliomba arudie. Akarudia. Sasa yule niliyekuwa namwogopa ndiye ananisikiliza, na yule niliyekuwa namkimbilia ndiye ameshitaki.

"Andika ulichokiona kwa mkono wako, unitumie," akasema Mama Mshana. "Nitalifunga na atabaki kazini. Ila aliyelalamikiwa lazima alisome lalamiko lote na asaini kwamba amelisoma. Hilo siwezi kuliruka, samahani."

Nikaandika kurasa mbili. Lalamiko likaja kwa simu, nikalichapisha dukani kulekule. Nikaenda mezani kwa Ismaili nimeishika ile karatasi.

"Kazi yako ipo," nikamwambia. "Jumatatu tunakwenda Mchinga. Soma hii tu, usaini."

Akaipokea. Macho yake yakaanzia chini, kwenye jina, akatabasamu uso mzima. "Si nilikwambia, Dada Schola? Mngoni wangu ameandika!"

Debora akageukia ukutani. Mimi nilisimama palepale.

Akaanza kusoma kutoka juu. Alipofika chini akarudi juu akasoma tena, polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akavuta kalamu, akasaini vizuri na tarehe akaweka, akanirudishia.

"Kumbe miaka yote ile," akasema, "nilikuwa natania peke yangu?"