Kikohozi cha Bi Upepo

Jirani yangu mshonaji alimlilia Mjane mpaka sindano ya cherehani ikampitia kidoleni. Nilimfunga kidole kwa kipande cha kitambaa, naye akaendelea kulia, wala si kwa ajili ya kidole.

"Mama, wamemkoholea tena," aliniambia. "Mjane wa watu kaenda kuchota maji, wamemkoholea njia nzima."

Mjane hakuwa mtu wa uani kwetu. Alikuwa mtu wa redioni, katika mchezo uliorushwa kila Ijumaa jioni. Mume wake alikufa ghafla, majirani wakaamua kwamba amemtilia sumu. Hawakumwambia. Kila alipopita walikohoa tu, mlango kwa mlango, kumjulisha kwamba wanajua. Wala hapakuwa na cha kujua. Mtunzi aliliweka wazi tangu sehemu ya kwanza: mume alikufa kwa maradhi ya moyo, na mwanamke yule hakuwa na kosa. Hadithi nzima ilikuwa hiyo, jinsi watu wanavyoweza kummaliza mwenzao bila kumgusa na bila kutamka neno.

Aliyekianzisha kikohozi katika mchezo aliitwa Bi Upepo. Na sauti ya Bi Upepo ilikuwa ya mjukuu wangu.

Mjukuu huyu nimemlea mwenyewe tangu binti yangu, mama yake, afariki. Mimi humwita mke mwenzangu. Yeye huniita bi mkubwa akiwa na shida ya kitu, na akiwa hana shida huniita bibi tu. Alifanya kazi zahanati, dirisha la mapokezi, akiwaandika wagonjwa na kuwaita kwa zamu. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha sote wawili, na aliipenda. Alijua mama yupi ana mimba changa asimamishwe kidogo tu, na mzee yupi aitwe mara mbili bila kuaibishwa. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini inafika. Mtunzi wa mchezo alikwenda pale na jino bovu, akaisikia, akasahau jino.

"Binti," alimwambia, "sauti yako inaingia hata pasipo na mlango."

Kikohozi tulikitafuta pamoja jikoni, mimi nikichambua mboga. Mtunzi alikuwa amemweleza kwamba redioni huwezi kumwonyesha mtu akibinua mdomo au akikata jicho, kwa hiyo dharau yote lazima ipite kooni.

"Bibi, hebu kohoa kama umeona kitu."

"Nimeona nini?"

"Umeona jirani kaingiza kitanda kipya, na hujui pesa katoa wapi."

Nikakohoa. Akacheka mpaka akaishika meza. "Aa, hicho cha homa, bibi! Mimi nataka cha wivu."

Mwishowe tulikipata: viwili vifupi, vikavu, kisha kimya. "Hicho kimya ndicho kinachouma," alisema. Alijua anachokifanya. Alitaka msikilizaji akae vibaya kwenye kiti chake, ajiulize yeye mwenyewe amewahi kumkoholea nani.

Hakuna aliyejiuliza.

Mwanzoni ilikuwa utani. Sokoni, muuza vitunguu alipaza sauti, "Bi Upepo! Mwache mjane wa watu, la sivyo leo unapika bila kitunguu!" Mjukuu wangu akamjibu kwa sauti ile ile ya redioni, "Mjane gani tena? Mimi napita tu." Watu wakacheka, na muuza vitunguu akamwongezea kimoja cha bure. Wiki chache baadaye mtu huyo huyo aligeuka kupanga magunia yake mpaka mjukuu wangu alipoondoka mikono mitupu.

Kisha asubuhi moja alikwenda bombani na ndoo, na watoto wa uani wakaanza. Viwili vifupi, vikavu. Mama zao hawakuwakataza. Haukupita muda, mama zao wakakohoa wenyewe.

Na mshonaji alikuwamo. Huyu ndiye aliyenichotea maji msimu mzima wa mvua mguu wangu ulipovimba, bila kuombwa. Kwa hiyo sikwenda kwake kwa ugomvi. Nilikwenda na suruali ya kupunguza.

"Mwanangu," nilimwambia, "nimekusikia bombani."

Akashusha macho kwenye cherehani. "Umesikia nini, mama?"

"Umemkoholea mwenzako."

"Mimi simkoholei mjukuu wako. Namkoholea Bi Upepo."

"Bi Upepo hana ndoo. Aliyekuwa na ndoo ni mjukuu wangu."

"Sasa mama, mtu ataigizaje ubaya namna ile kama hana hata chembe yake? Lisemwalo lipo."

"Na Mjane je? Naye alisemwa. Lipo?"

Alinitazama kama niliyemtukania mtoto. "Usimwingize Mjane hapo! Mjane ni malaika. Mimi nikisikia anaonewa damu inanichemka, silali. Wewe, mama, usichukie nikikwambia, umri umekwenda. Mchezo huuelewi."

"Labda," nilisema.

Aliikunja suruali, akanishika mkono kwenye ngazi nisiteleze, akanifikisha mlangoni kwangu. Ndivyo alivyo. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa, kwa sababu mtu mbaya ungejua la kumfanya.

Yule aliyeigiza Mjane alikuwa binti mwema. Alipopata habari alimpigia mjukuu wangu simu, akalia naye, kisha akaomba nafasi ya kusema kabla mchezo haujaanza. Akasema, "Jamani, huyu ni mwenzangu, tunakula sahani moja. Msimkoholee, anaumia." Uani kwetu walibubujikwa machozi. "Mmeuona moyo wa Mjane?" mshonaji alisema. "Hata adui yake anamwombea!" Kesho yake vikohozi vilizidi.

Nilimshauri mjukuu wangu aache.

"Nikiacha, bibi, watasema wamenishinda. Na mchezo unakaribia mwisho. Ngoja wasikie mwisho, wataelewa."

"Mtunzi anasemaje?"

"Ndiye aliyeniambia hivyo."

Yule mtunzi naye maskini, alidhani mwisho wa hadithi ni kama dawa, ukiumeza unapona.

Balaa lilikuja vikohozi vilipohamia zahanati. Mahali pale si pa kukohoa kwa mzaha. Akifungua dirisha asubuhi, benchi la kwanza linakohoa, la pili linapokea, na hapo hapo kuna wagonjwa wa kweli wanaojibana mbavu. Angejuaje yupi mgonjwa na yupi mpenzi wa redio?

Siku hiyo alikuwa amekoholewa tangu bombani mpaka getini. Akaja mzee mmoja, fundi viatu, akainama dirishani na kofia mkononi.

"Unaumwa nini, babu?"

Mzee akafungua mdomo, akakohoa. Viwili vifupi, vikavu. Akamuuliza tena. Akakohoa tena, vile vile. Benchi zima likaangua kicheko, mmoja akapiga makofi.

"Kakae nyuma kabisa," mjukuu wangu alimwambia. "Kikohozi cha redio hakina dawa hapa."

Mzee hakubisha. Alikwenda nyuma kabisa, akakaa, akaweka kofia magotini, akasubiri kama watu wenye adabu wanavyosubiri. Mchana muuguzi alimkuta ameegemea ukuta, mwili unawaka, pafu limejaa. Walimlaza, akapona, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini wale wale waliocheka ndio waliobeba habari. Kufika jioni mtaani kwetu mzee alikuwa ameshakufa, akazikwa, na tena Bi Upepo akawa amemwekea sumu.

Mkuu wa zahanati alimwita mjukuu wangu, nami nikamsindikiza. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa haki. Aliponiona nimesimama aliniachia kiti chake mwenyewe, yeye akaegemea kabati.

"Nimekosea," mjukuu wangu alisema. "Nilidhani ananikejeli. Nilichoka, lakini kuchoka si sababu. Nikatwe mshahara, nihamishiwe kufagia, chochote. Ila nisiondolewe."

Mzee mwenyewe aliletwa kutoka wodini, muuguzi akimshika kiwiko. Akaketi, akavuta pumzi kwanza.

"Mimi redio sina," alisema. "Huyo Bi Upepo simjui. Niliambiwa nikae nyuma, nikadhani ndiyo zamu yangu. Sasa nisikilizeni. Masikio yangu yamezeeka. Wengine hapa wananiita mpaka zamu inapita, nakaa tu. Sauti ninayoisikia ni ya huyu binti. Mkimtoa, mimi nitaitwa na nani?"

Mjukuu wangu alipiga magoti mbele yake. Mzee akamwekea mkono kichwani, mkono wenye gundi ya viatu kwenye kucha. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Nje ya dirisha watu walikuwa wamejaa, wamekuja kusikia hukumu. Mmoja akakohoa. Kisha wote.

Mkuu wa zahanati alingoja watulie. Hawakutulia, ikabidi aongee juu yao.

"Mzee amekusamehe, na mimi ningekusamehe leo hii. Lakini jana kina mama wamegeuka getini na watoto wenye homa, eti hawataki kuandikwa na wewe. Mtoto mmoja akifia nyumbani, nitasema nini?" Akamshika bega. "Halafu, binti yangu, wewe nawe unaigiza vizuri mno."

Nadhani alilisema kama pole. Akampa mshahara wake wote wa mwezi ingawa mwezi haukuwa umefika kati. Hakutakiwa kufanya hivyo, nami sisahau.

Mwisho wa mchezo ulirushwa Ijumaa ile ile. Mtunzi hakuwabania. Mjane alifunga mzigo wake akahama, vikohozi vikimsindikiza. Baada ya siku chache ikajulikana ukweli wa kifo cha mumewe. Majirani wakakimbilia nyumbani kwake kuomba radhi, wakagonga, nyumba tupu. Wakaanza kuulizana nani aliyekohoa wa kwanza, kila mmoja akimtaja wa mlango wa pili, mpaka mchezo ukaisha wakiwa wanatajana.

Uani walilia kwa sauti. Mjukuu wangu alikaa kitandani, mikono mapajani, anasikiliza kilio chao ukutani.

"Wameelewa, bibi," alisema. "Sikiliza wanavyolia."

Jumamosi asubuhi alibeba begi. Shangazi yake, dada wa baba yake, ana duka mji mwingine, alikuwa amemwita akapumzike. Lakini nilimwona anatoka taratibu, anafunga kamba za viatu ambazo zilikwisha kufungwa, anatazama huku na huku. Alikuwa anampa mtu nafasi. Mtu mmoja tu angesema, "Unakwenda wapi, dada?" asingekwenda.

Bombani walikuwapo wanne au watano, macho bado mekundu kwa kilio cha jana. Wakamtazama akipita. Kikatoka kwanza kwa mshonaji, kisha kwa wengine. Viwili vifupi, vikavu, kisha kile kimya.

Mchana mshonaji alikuja kwangu na bakuli la supu ya moto, kwa kuwa alijua nitakuwa peke yangu na sitapika. Akanifutia meza, akanipa kijiko mkononi.

"Kula, mama. Usijitese." Akaketi. "Uliusikia mwisho wa mchezo lakini?"

"Niliusikia."

"Umetufunza jambo kubwa sana, mchezo ule."

Nikaweka kijiko chini. Nilitaka kumsikia vizuri. "Umewafunza nini, mwanangu?"

"Kwamba mtu mbaya umtoe mapema." Macho yalimjaa tena. "Laiti wale majirani wangemfukuza Bi Upepo tangu sehemu ya kwanza, Mjane wa watu asingehama."

Nilimtazama kidole, kile nilichomfunga, kimepona vizuri bila kovu. Akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikamwambia imetosha.

Mjukuu wangu hunipigia simu Jumapili. Anapima sukari na kufunga vifurushi, anasema kazi si mbaya. Lakini mchezo ulipendwa mno, sasa redio inaurudia tangu mwanzo, na kule nako wanausikiliza. Wateja wakiingia, anawaonyesha bei kwa vidole. Shangazi yake amewaambia kwamba binti ana matatizo ya koo.

Juzi simu iliita, nikapokea, nikasikia pumzi tu.

"Sema kwa nguvu, mke mwenzangu. Bi mkubwa wako masikio yamechoka."

"Siwezi, bibi," alinong'ona. "Kuna watu."

Basi nikamwambia anyamaze, nitasema mimi. Nikamwambia kwamba fundi viatu huja kunijulia hali, kwamba dirishani wameweka kijana ambaye akiita hakuna anayemsikia, na kwamba mboga nimeipanda upya nyuma ya jiko. Nilisema mpaka nikaishiwa ya kusema. Upande wa pili palikuwa kimya, nami sikujua kama bado yupo.