Chupa za Kitindamimba

Mwaka ule nyanya za uani zilizaa hadi zikawa kero. Ndoo zilijaa, mabeseni yakajaa, hata karai la kufulia halikupona. Mama mtu, ambaye magoti yalikwisha kumgomea, akakaa kitini na kutoa neno: baridi ikiingia atazipima chupa za nyanya watakazofunga binti zake wawili, na ambaye zake zitakuwa salama ndiye atakayerithi sufuria kubwa pamoja na jiko lake.

Jamani! Dada mkubwa, fundi cherehani, kazi hiyo aliijua kama sindano yake. Miaka kumi na mitano amemenya, amekamua mbegu, amechemsha, vidole vikimuwasha kwa maji ya nyanya. Leo ashindanishwe na kitindamimba aliyerudi nyumbani juzi tu? Na mama naye, kila saa ni njooni muonje mwanangu alivyokoleza chumvi. Miaka yote hiyo chumvi ya mkubwa haikuwahi kusifiwa. Wivu ukamwingia.

Siku ya kufunga, mdogo mtu alijaza chupa zake kumi na mbili, akakaza vifuniko, akageuka.

"Dada, nikishafunga ndiyo basi?"

Sio basi. Chupa zikishafungwa hurudishwa kwenye maji yanayochemka, zikakaa humo karibu saa nzima. Asiyefanya hivyo anafuga uozo. Dada mtu alilijua hilo hata usingizini. Akaendelea kufuta meza.

"Ndiyo basi," akasema.

Zake alizichemsha kesho yake, mdogo mtu alipokwenda kazini.

Baridi ikaingia. Mama akajikokota hadi kabatini, akaanza kubonyeza vifuniko kwa kidole gumba, kama alivyofanya miaka yote. Kifuniko kizima hakitikisiki, kibovu hulia ta. Vya dada mtu vilikaa kimya kimoja baada ya kingine, naye moyoni akacheka. Vya kitindamimba vikalia ta, ta, ta. Chupa ya tano ilikuwa imevimba, ikafyatuka na kumtapikia mama povu mkononi.

Mama akajifuta kwa khanga. Akauliza kama chupa zilirudishwa kwenye maji. Kitindamimba akatikisa kichwa.

"Kwani dada yako hakukwambia?"

Kitindamimba akamgeukia dada yake. Alimtazama hadi mwenzake akaangalia pembeni.

"Aliniambia, mama. Mimi ndiye niliyesahau."

Mama akasonya, akasema wa mwisho kuzaliwa ni wa mwisho kusikia. Mbele ya wote wawili akamsifu mkubwa, sifa alizozingoja miaka kumi na mitano, kisha akamwambia achukue sufuria yake.

Ilikuwa nzito. Kitindamimba akaja bila kuitwa, akashika upande mmoja, wakainyanyua pamoja.

"Polepole, dada," akamwambia, "usije ukaumia."

Dada mtu akainamisha macho ndani ya sufuria tupu, wakaenda nayo jikoni.