Mishiri Iliyorudi Kuwa Maua

Mishiri ya Kalama, yale maharagwe mabichi membamba yanayoliwa na maganda yake, ilichumwa asubuhi mapema, umande ukiwa bado majanini, ikapelekwa kwenye banda lenye kuta za makaa yaliyomwagiwa maji ili kulipoza. Humo wanawake waliichambua. Uliopinda ulitupwa, mnene ulitupwa, wenye doa ulitupwa. Hakuna mtu pale aliyeila, na hata ng'ombe walikuwa wamechoka nayo. Mchana lori lilikuja, na usiku mishiri ilikuwa hewani ikienda Ulaya.

Yasser, karani wa kampuni, mtoto wa wauza vitambaa wa Machakos mjini, alisimama kila mchana juu ya kichuguu, maana hapo tu ndipo simu yake ya mkononi iliposhika mtandao. Huko juu aliwasikiliza wanunuzi wakibadilisha nia. Maduka yao hayakuweka akiba. Yaliagiza asubuhi, yakapunguza mchana kwa sababu huko mvua imenyesha na watu wameahirisha saladi. "Leo wanataka nusu," alisema akishuka, na kreti zilikuwa zimeshajaa.

Mwaka ule kampuni iliandika kwenye mlango wa banda: HAKUNA KINACHOPOTEA. Wiki hiyohiyo, Yasser aliposhuka na habari ya nusu, nusu ya kreti zilikuwa tupu. Wanawake wakatazama shambani. Mishiri ilikuwa imerudi kwenye mashina yake na kuwa maua meupe, ikingoja oda nyingine. Kampuni ilifurahi sana. Haikutupa tena hata mmoja.

Lakini zile siku ambazo ua hutumia kuwa mshiri hazikurudi shinani. Ziliwaangukia waliochuma, wakazeeka kwazo. Asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye simu ile hakuna mwanamke wa Kalama aliyekuwapo.

Syombua alikuwa msichana, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote. Mchumba wake, Titus, fundi wa mawe aliyejenga nyumba za watu wa ofisi huko Syokimau, alikuwa ameahidi kuleta mbuzi wa ntheo Desemba. Bila mbuzi hao Wakamba hawaitambui ndoa, na Syombua aliitaka ndoa hiyo kwa moyo wake wote. Kosa lake lilikuwa la mtoto aliyelelewa vizuri: hakuweza kumwona mkubwa akiinama. Mama yake, Kamanthe, mjane, alikuwa na mgongo mbaya, kwa hiyo Syombua alichuma mistari yake na ya mama. Siku za wote wawili zikamwangukia yeye.

Mwezi wa tisa Yasser alimwita dada. Mwezi wa kumi akamwita mama, wala hakukusudia kumkosea.

"Kwani hizi siku haziwezi kuangukia wale wa simu?" Syombua alimuuliza.

"Siku si mali ya kampuni, mama."

"Basi waambie waseme mapema, kabla hatujachuma."

"Hao huwa hawasemangi mapema."

Mwezi wa kumi na moja Yasser alimwamkia shikamoo, na Syombua akaitikia marahaba kwa hasira. Jioni alipoingia nyumbani, Kamanthe aliinuka akampisha kiti. Heshima ni heshima. Syombua akakaa, akalia.

Desemba Titus alifika asubuhi na mbuzi, pamoja na wazee wawili. Habari alikuwa nazo. Soko la Machakos halifichi kitu. Alimtazama Syombua.

"Mimi nilisema Desemba," alisema. "Na hii ni Desemba."

Tatizo lilikuwa kwa wazee. Mbuzi wa ntheo hupokewa na mzazi, na mzazi hawezi kuwa mdogo kwa mtoto wake.

"Hatujakataa," mmoja wao alisema. "Lakini hapa mkubwa ni nani?"

Kamanthe alichukua kiondo akaenda shambani, na wanawake wengine wakamwachia. Alichuma mistari yake, ya binti yake, na yote iliyobaki, na mgongo wake ukiwa mbaya vilevile. Syombua alitaka kumzuia, lakini mdogo akichuma mkubwa hukaa, basi akakaa. Kreti zilijaa. Yasser akapanda kichuguuni. Syombua hakujua aombe nini. Oda ikibaki nzima, mbuzi watarudi walikotoka. Ikikatwa, atakayelipa ni mama.

Yasser alishuka polepole.

"Leo hawataki kitu," alisema.

Kreti zikawa tupu na shamba likawa jeupe. Kamanthe akatoka katikati ya maua, nywele nyeupe, akiegemea fimbo ambayo asubuhi hakuihitaji. Akaishika kamba ya mbuzi.

"Nimepokea," alisema.

Wazee wakaridhika, wakaletewa chai. Syombua akainuka, akampisha mama yake kiti.

Kesho yake Yasser alitangaza oda kamili, lakini ilikuwa bado asubuhi, kabla ya simu ya mchana. Na kwa kuwa sasa Kamanthe alikuwa mkubwa tena, Syombua alichukua viondo viwili, chake na cha mama yake, akaenda kuchuma.