Maji Chini ya Zege

Ndoo ya tatu ilimezwa na bomba, na chini ya tuta halikutoka hata tone. Mpima maji akakaa kitako ukingoni mwa barabara akasubiri. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kumwaga maji kwenye bomba kando ya zege, kushuka tuta, kuyaona yakitoka, kisha kutia sahihi. Mabomba yalikuwa arobaini. Jana tuta zima lilipandwa nyasi ili mheshimiwa atakayefungua barabara kesho aone kijani, na udongo wa nyasi ukaziba midomo yote.

Msimamizi, kaka wa mkewe, alikuja na fomu.

"Shemeji, malizia hapa."

"Hayatoki."

"Sasa kesho nani atainama kuchungulia? Tia sahihi. Jina lako liko kwenye ajira ya kudumu. Usijitie kitanzi mwenyewe."

Ajira ya kudumu! Mkewe alikwisha kuwaaga majirani wa kambi ya vibarua, kwamba wanahamia chumba chenye sakafu, labda kifua cha mtoto kitapona.

"Barabara ile ya zamani tuliijenga sisi," mpima maji alisema. "Maji yalikaa chini, malori yakayakamua, tope likaruka nje kupitia viungio vya zege, zege likabaki linaelea. Miaka sita tu, kwisha."

"Hii ikipasuka tumeshastaafu."

"Utastaafu wewe. Kibarua hastaafu."

"Ndiyo maana nakwambia tia sahihi!"

Mpima maji alichukua kalamu. Aliogopa kweli. Akaandika "hayatoki" mstari kwa mstari, mara arobaini.

Msimamizi alisoma, akaikunja fomu, akatoa nyingine mfukoni. Ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi, kwa jina la mtu wasiyemjua wote wawili.

"Nilikuomba wewe kwanza," alisema bila kumtazama. "Dada yangu nitamwambia nini?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Alishuka tuta na koleo, akafukua mdomo wa bomba moja. Maji yakabubujika, ya tope, yakamlowesha suruali hadi magotini. Machozi yalimtoka naye akayaacha. Mzee mmoja wa kikosi cha nyasi alikuja taratibu, akasimama kando yake mpaka maji yakaisha, kisha akainama na kuanza kurudishia udongo kwa mikono.

"Samahani, ndugu yangu," alisema. "Sisi tumeambiwa kijani tu."